Aliyekwenda na Aliyebaki

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaifundisha shuleni mwaka hata mwaka, na wanafunzi wetu huieleza katika mitihani bila taabu. Sisi wenyewe tuliidhani kuwa nyepesi mpaka tulipojaribu kucheza kwetu, yaani tulipoamua kutengeneza filamu katika kijiji cha Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, mkoani Kigoma. Tulikuwa na kamera moja, fedha zisizotosha kununua ng'ombe, na ujuzi uliokuwa mdogo kuliko hata fedha hizo. Walimu wenzetu wametuuliza mara nyingi jinsi kazi ile ilivyokwenda. Twaieleza hapa pamoja na makosa yetu, kwa kuwa makosa hayo ndiyo yaliyotufundisha zaidi.

Tulikuwa watu sita. Wawili wetu ni walimu wa sekondari, mmoja seremala, mmoja fundi cherehani, na mmoja mpiga picha za arusi mjini Kasulu, ambaye ndiye mwenye kamera. Hao watano tulikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Wa sita alikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, mwenye kumbukumbu nzuri na mwandiko safi, naye akawa karani wetu. Ilikuwa likizo ya mwezi wa Juni, mwaka 2017, wakati wa kiangazi, ambapo asubuhi ukungu hukaa mabondeni na mchana upepo huvuma juu ya vilima bila kupumzika. Tutaurudia upepo huo baadaye, maana ulitutesa.

Filamu si jambo geni katika nchi yetu, ingawa kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa wageni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha majaribio ya sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Hapo zilipigwa filamu zipatazo 35. Picha zilikuwa bubu, na sauti iliwekwa katika sahani za santuri. Kisha zikapakiwa katika lori na kuonyeshwa kwa wananchi wa Afrika Mashariki. Waafrika walionekana katika picha hizo, lakini mambo ya kusemwa yaliamuliwa na wengine: kilimo, afya, akiba ya posta, ulipaji wa kodi. Miaka ya mwanzo ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambayo ndani yake alicheza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Katika miaka ya 1970 ilitoka Fimbo ya Mnyonge, iliyohusu maisha ya ujamaa, na mwaka 1985 Arusi ya Mariamu, iliyohusu uganga wa jadi. Tangu miaka ya 1990, kamera za video zilipopungua bei, vijana wa mijini walianza kutengeneza filamu kwa fedha zao wenyewe, na kanda zao zikafika hata katika magulio ya kwetu. Tulizitazama na kuzipenda. Hata hivyo, sisi hatukuwahi kuona katika kioo cha sinema kilima tunachokifahamu, wala kusikia mtu akimwamkia mwenziwe "Mwakeye" kama tufanyavyo sisi kila asubuhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa njaa yetu.

Shauri letu la kwanza lilikuwa kubwa mno. Heru Juu ni mahali penye heshima katika historia ya Buha. Hapo ndipo palipokuwa makao ya mwami wa Heru, mmojawapo wa watawala wa jadi wa Waha, kama walivyokuwapo wengine Muhambwe, upande wa Kibondo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini kote. Sisi tulitaka kuonyesha baraza la mwami wa kale: ngoma zikilia, ng'ombe wenye pembe ndefu wakipita, watu mamia wakipiga makofi. Fundi cherehani akapiga hesabu ya mavazi peke yake, akafunga daftari. Hatukuwa na uwezo wa kuvalisha hata baraza la watu kumi.

Tukiwa katika hali hiyo tulikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji, mtu wa umri wa karibu miaka 80, kumwomba atusimulie habari za enzi ya mwami, tupate walau kisa kidogo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wajukuu zangu, habari za mwami kila mgeni huziuliza. Habari za mkonge hamjaniuliza hata siku moja." Tukamwuliza. Akatutajia kwanza namba yake ya kazi, aliyoikumbuka upesi kuliko mwaka wa kuzaliwa kwake.

Wanafunzi wa leo huenda hawajui uzito wa neno manamba. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na huku kwetu hapakuwa na zao kubwa la kuleta fedha hizo. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Hivyo ikawa rahisi kuwatoa vijana wa Kigoma, Kasulu na Kibondo na kuwapeleka mashariki, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Kijana aliandikishwa, akapimwa afya, akapewa namba, na kwa ajili ya namba hizo wakaitwa manamba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Siku ambayo mtu hakumaliza sehemu yake ya kazi haikutiwa alama. Mkonge ulikuwa mali kuu ya Tanganyika katika masoko ya dunia, na jasho la Waha lilikuwamo katika kamba zilizofunga meli za mataifa.

Mzee wetu alikwenda miaka ya mwisho ya 1950, akiwa ameoa karibuni. Alikaa huko misimu kadhaa, akarudi na blanketi, sanduku la bati na kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho. Tulipotoka kwake hatukuhitaji kujadiliana. Hadithi tuliyoitafuta kwenye baraza la mwami ilikuwa imekaa mbele yetu kwenye kigoda, na haikuhitaji ng'ombe mia. Twasema wazi kwamba umaskini wetu ndio uliotufikisha hapo. Tungalikuwa na fedha, tungalipiga ngoma na kuvaa ngozi, na mzee yule asingaliulizwa lolote.

Tukaanza kazi. Kwanza tuliomba kibali, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 humtaka mtu awe na kibali kabla ya kupiga filamu. Tena tukaenda kwa viongozi wa kijiji, maana karatasi haitoshi pale ambapo mtu anataka kupita katika mashamba ya watu. Kisha tukatafuta wachezaji. Hatukuwa na mshahara wa kumpa mtu, bali chakula cha mchana, yaani ugali na maharage. Kijana wa kucheza nafasi ya manamba tulimpata katika timu ya mpira ya kijiji. Mnyapara wa shamba alikuwa mmoja wetu walimu, na wanafunzi walicheka wakasema hakuhitaji mazoezi.

Shamba la mkonge hatukuwa nalo. Lakini mkonge umepandwa huku kama ua wa mpaka, na mstari mmoja wa ua huo, wenye urefu wa hatua 40 hivi, ulitosha. Mpiga picha alilala kifudifudi na kuipiga mistari ya majani kwa karibu sana, kijana akiwa katikati, na katika picha pakaonekana kana kwamba mkonge hauna mwisho. Treni ilitushinda zaidi. Kwenda stesheni ya Kigoma kungalimaliza nauli zetu zote. Ndipo seremala alipounda dirisha la behewa kwa mbao za mabanzi, tukaliweka darasani. Wawili wakawa wanalitikisa benchi alilokalia kijana, na wengine wanapitisha mbio matawi ya migomba nje ya dirisha lile. Ukiitazama picha hiyo bila kuambiwa, utaona kijana anayesafiri usiku akienda mbali na kwao.

Jambo la lugha lilitugawa kwa siku mbili. Wengine wetu walisema wachezaji waseme Kiswahili kuanzia mwanzo hata mwisho, ili filamu ieleweke taifa zima. Wengine walisema Muha wa wakati ule hakuongea na mama yake kwa Kiswahili. Mzee ndiye aliyeamua. Alituambia kwamba alikwenda Tanga akijua Kiha tu, na Kiswahili alijifunza kambini, kwa sababu jirani zake wa kulia na kushoto walitoka kwa makabila mengine na hawakuwa na njia nyingine ya kuombana chumvi. Basi tukafuata maisha yenyewe: nyumbani watu wanasema Kiha, na tafsiri yake imeandikwa chini ya picha, kambini wanasema Kiswahili, kwanza kwa kubabaika, kisha kwa ufasaha. Hivyo filamu yetu, bila hotuba yoyote, ikaonyesha njia mojawapo ambayo lugha ya taifa ilifika hadi vilima hivi.

Sasa twarudi kwenye upepo. Tulipomaliza siku nane za kupiga picha tulikaa kusikiliza, na maneno yote yaliyosemwa nje yalikuwa yamefunikwa na ngurumo ya upepo kama mtu anayechana turubai. Baadhi yetu walitaka kuacha kazi. Ndipo mwalimu mmoja alipotukumbusha habari za Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye filamu yake ya Borom Sarret, ya mwaka 1963, ilipigwa mitaani Dakar kwa vifaa vichache na watu wasio wachezaji wa kazi, na sauti ikatiwa baadaye. Tukajenga kibanda kwa mablanketi katika bohari ya shule, tukawaita wachezaji mmoja mmoja, na kila mmoja akayasema upya maneno yake huku akitazama midomo yake mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi kuliko kupiga picha.

Mwishoni mwa Julai tulitundika shuka jeupe ukutani mwa shule, tukawaalika wanakijiji. Watu walijaa. Watoto walishangilia kila walipomtambua ndugu au mbuzi wao. Mzee alikaa mbele, na kijana alipotiwa namba alitikisa kichwa pole pole. Filamu ilipokwisha makofi yalikuwa mengi, nasi tukaanza kupongezana. Ndipo mke wa mzee yule, bibi ambaye tulikuwa tukimsalimu kila siku tukipita uani kwake kwenda kumwona mumewe, akasimama kati ya wanawake na kusema: "Wajukuu zangu, kazi ni nzuri. Lakini mmeonyesha aliyekwenda. Aliyebaki mbona hamkumwonyesha?"

Hatukuwa na jibu. Katika filamu yetu ya nusu saa nzima, mke wa manamba alionekana mara mbili: akilia mlangoni mume akiondoka, na akicheka mlangoni mume akirudi. Katikati hapo hakuwapo. Ni ajabu kwamba sisi watu wa Heru, ambao mwami wetu wa mwisho alikuwa mwanamke, tulifikiri historia ilipanda treni yote na kuondoka na wanaume.

Usiku ule tuligombana. Mpiga picha alisema filamu imekwisha, watu wamepiga makofi, na yeye ameacha arusi tatu zilizokuwa zimlipe. Aliongeza kwamba kama ni kuongeza kitu, basi tuongeze mapigano kama zilivyo filamu zinazouzwa gulioni, si kumwonyesha mwanamke akipalilia. Hatuwezi kumlaumu. Sote tulifanya kazi kwa upendo, lakini yeye peke yake alikuwa akipoteza riziki, na marafiki hukosea sana wanapodhani upendo wa mwenzao hauna gharama. Mwisho tulikubaliana kumlipa kwa mikono yetu. Seremala alimtengenezea mlango na madirisha mawili, fundi akamshonea watoto sare za shule, na sisi wengine tukalima shamba lake msimu ulipoanza. Naye akarudi na kamera yake kwa siku nne.

Siku hizo nne tulikwenda kwa bibi tukiwa na daftari badala ya maneno yetu tayari. Akatuambia mambo ambayo hatukuyasoma mahali popote. Mume alipoondoka, kazi zake hazikuondoka naye: paa la nyumba lilivuja, mipaka ya shamba iligombewa, na wakwe walitaka kujua kila anakokwenda. Lakini jambo lililomwuma zaidi lilikuwa barua. Mumewe hakujua kuandika. Alimwomba karani wa kambini amwandikie, kwa Kiswahili. Yeye naye hakujua kusoma. Ilimbidi aipeleke kwa mtu aliyesoma, naye akamsomea mbele ya watu wengine, akiigeuza kuwa Kiha. Hivyo neno la mume lilipita katika vinywa viwili na lugha mbili kabla ya kumfikia mkewe, na kila jirani alilisikia. Kwa ajili hiyo, alisema, hakujibu kamwe lililokuwa moyoni mwake. Alijibu kwamba mbuzi wamezaa na kwamba wote ni wazima.

Hilo ndilo tulilolipiga picha. Binti karani wetu alicheza nafasi ya mke, amekaa chini ya mwembe, msomaji anasoma, watu wanasikiliza, naye anatazama chini. Kisha anaulizwa ajibu nini, na anasema kuhusu mbuzi. Haikugharimu chochote ila karatasi moja.

Filamu mpya tulionyesha mwezi wa Oktoba. Ilipofika kwenye barua, ukumbi ulinyamaza, na hata watoto walinyamaza. Baada ya kwisha, mzee alimgeukia mkewe, nasi tuliokuwa nyuma yao tukasikia akisema kwa Kiha: "Hayo hukuniambia." Bibi akamjibu: "Hukuniuliza." Walikuwa wamekaa pamoja katika ndoa karibu miaka 60. Wakaondoka wakishikana mikono kwa sababu ya giza.

Ndugu zetu walimu, na nyinyi wanafunzi, twayaeleza haya kwa sababu vifaa tulivyotumia leo vimo mikononi mwa wengi, hata katika simu. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha yanayowezekana. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex? akiwa na rafiki na majirani zake, silaha za kuigizia zikiundwa kwa vyuma chakavu, na filamu hiyo ikatazamwa duniani kote. Lakini nakala yake bora haikubaki, kwa sababu ilibidi afute nafasi katika kompyuta apate kutengeneza nyingine. Kwa hiyo yafaa kila anayepiga filamu aweke nakala mahali zaidi ya pamoja. Yetu tumeiweka pahali patatu, pamoja na daftari la binti karani, lenye maneno yote ya mzee na bibi, hata yale yasiyoingia katika picha.

Tena, kabla hamjashika kamera, ketini na wazee mwulize. Mkishawauliza waliokwenda, waulizeni na waliobaki. Na kazi ikiwa tayari, ionyesheni kwanza kwa wenyewe mliowapiga picha, mkiwa bado na muda wa kuitengeneza upya. Hao ndio wanaojua kilichosahauliwa.

Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Sisi tulitunzwa makofi, ugali na maharage, na baraka za wazee. Lakini tunapoifundisha methali hiyo siku hizi, twaongeza kwamba mcheza kwao hukosolewa pia, na kwamba yule bibi aliyesimama usiku ule na kutukosoa ndiye aliyetutunza kuliko wote.